Ukuta wa Mama Mwende

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwenye ploti moja ya vyumba vya mawe vya kupanga huko Kawangware, niliishi na watu wazima waliouogopa ukuta.

Ulikuwa ukuta wa chumba cha Mama Mwende, mama Mkamba wa Kitui aliyeshona yunifomu kwa cherehani ya mkono. Plasta ilibanduka kila siku, vipande vipana kama chapati, na nyuma yake jiwe lenyewe likamomonyoka na kuwa unga. Kila asubuhi alifagia. Vyumba vingine vilikuwa salama, basi ploti nzima, pamoja na wanakwaya wake na fundi wake wa redio, ikakata kauli kwamba mama huyu anafuga kitu.

"Ukuta haiwezi kubanduka hivyo bure," alisema jirani yetu Baba Otis, mtu aliyeshindwa hata kurekebisha kufuli ya mlango wake. "Hiyo ni kamuti, uchawi ya Wakamba. Inakula nyumba kwanza, halafu inaingia kwa watoto."

Mtoto wake alipokohoa wiki nzima, wakampa Mama Mwende hadi Jumamosi awe amehama.

Mimi nilijua. Ukuta ule ulipakana na bafu letu la pamoja. Sote tulioga mle, tukaurushia maji, kisha tukatoka tunanukia sabuni na kumwita mwenzetu mchawi. Siku moja nilibonyeza kwenye maungio ya mawe ya bafu, kidole kikazama. Nikamwambia mama yangu kwamba ni maji yetu yanayoula ukuta.

"Nyamaza," akasema, akigeuza omena kwenye sufuria. "Ukimtetea, watasema hata sisi tuko nayo."

Jumamosi Mama Mwende alipakia cherehani kwenye mkokoteni peke yake. Akaniona mlangoni.

"Wewe unaoga hapo kila siku," akasema taratibu. "Hujaona maji ikiingia kwangu?"

"Sijaona," nikajibu.

Chumba kikachukuliwa na shemasi. Mwezi haukuisha, plasta ikamwangukia kitandani. Unadhani walijifunza? Walisema mama yule aliacha dawa ndani ya mawe. Wakaja kuukemea ukuta kwa maombi, na kabla ya maombi wakaoga.

Niliwadharau miaka mingi, na bado nawadharau. Lakini Baba Otis aliamini alichosema. Alimhofia mwanawe kwa dhati. Waliojua kwamba Mama Mwende hana kosa, wakamwacha aende, walikuwa wawili tu. Mama yangu nimeshamzika. Nimebaki mimi.