Chupa Mbili za Damu Yangu Mwenyewe

Mgongo wangu umepinda tangu darasa la saba. Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, daktari akasema utanyooshwa kwa upasuaji, na damu itahitajika. "Mama, leta ndugu wachangie."

Nikawaona hapohapo akilini: mashangazi wa Kibamba, kwaya nzima ya mama, majirani zetu wa Kiwalani, wote foleni, kila mmoja akitaka kushika kibyongo changu. Shikamoo ishirini kwa asubuhi moja! Daktari alipotaja njia nyingine, kwamba naweza kutolewa chupa mbili za damu yangu, zikatunzwa, kisha nikarudishiwa siku ya upasuaji, nikakubali kabla mama hajavuta pumzi. Mie nisiyejitoleaga hata kufuta ubao, nikajitolea damu. Kwa nani? Kwangu.

Chupa ya kwanza ilitoka vizuri. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nirudi baada ya wiki mbili kutoa ya pili. Siku ya tatu choo kikawa cheusi kama lami. Nikajua nakufa. Kumuuliza mama? Thubutu! Choo chenyewe tunachangia na wapangaji; nikawa namwaga maji ndoo mbili mbili, na vidonge nikavifukia kwenye kopo alilopandia mama mshubiri.

Wiki mbili zikaisha. Nesi akanitoboa kidole, akatikisa kichwa. "Damu iko chini. Na bila chupa ya pili daktari hakupasui. Vidonge unameza?"

"Anameza," mama akadakia. "Kila siku anaomba maji ya kumezea."

Nikaangalia kandambili zangu. "Niliacha. Choo kilikuwa cheusi."

"Sema kwa sauti, mdogo wangu."

"Choo kilikuwa cheusi! Nikavifukia kwenye mshubiri!"

Benchi zima likageuka. Babu mmoja akasema, "Pole, mjukuu wangu."

Nesi alicheka mpaka akaketi. "Ndo vidonge vyenyewe hivyo! Kila anayemeza anapata cheusi. Si ungeuliza?"

"Ndo maana mshubiri umenenepa kuliko wewe," mama akasema.

Nikameza upya wiki mbili, mama akinikagua mpaka chini ya ulimi. Chupa ya pili ikapatikana.

Baada ya upasuaji, nesi wa wodini alikuja na chupa mkononi. "Taja jina lako, nilinganishe na lebo."

Nikanong'ona.

"Sikusikii."

Nikalitaja, na la baba, na la babu, wodi nzima ikasikia. Damu yenyewe yangu. Nimwonee haya nani?