Kokoto Ndani ya Pampu

Dada yangu alinipigia simu nikiwa Tunduma, nikishusha mizigo kwenye malori. Alisema kelele za pampu zimezidi na maji yanatoka kama mtoto anakojoa. Shemeji alifariki masika. Alimwachia kitalu cha miche ya kahawa kule Hasamba, na wakwe walishasema miche ikikauka, shamba watapewa wengine.

Nilipofika niliisikia kabla sijaiona. Ungedhani kuna kokoto zinazungushwa ndani ya chuma. Dada alidhani ni mchanga wa kijito, kwa hiyo alilifunga chujio la bomba linalovuta maji kijitoni kwa kitenge, halafu kingine juu yake. Kila akiongeza kitenge, kelele inapanda.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini mashine hazijawahi kuniacha. Kule mji wa Mpemba, fundi mmoja aliwahi kunionyesha pampu iliyokufa hivyo: mapanga yake ya ndani yalijaa vishimo kama mahindi yaliyoliwa na dumuzi. Alinieleza kwamba pampu husukuma maji mbali, lakini kuyavuta kutoka mbali haiwezi. Ikilazimishwa, maji huchemka yakiwa baridi, na mapovu yake yakipasuka humega chuma.

Nilivifungua vile vitenge. Kelele ikapungua, haikuisha. Kiangazi kilikuwa kimeshusha kijito, na pampu ilikaa juu, chini ya dirisha la chumbani, kama wengi wanavyoiweka huku kwa kuogopa wezi. Shemeji ndiye aliyeijengea msingi wa saruji. Nyayo zake zilikuwa bado pale.

Nilimwambia dada lazima ishuke karibu na maji. Alikunja vile vitenge vilivyolowa.

"Ishushe, kaka," alisema. "Msingi usiuvunje."

Nilifungua nati tu. Tuliibeba wawili, tukarefusha waya, tukaifunga kwenye gogo kando ya kijito. Maji yalipanda kilima na kutoka kwa nguvu hadi miche ikainama. Kule kitaluni hatukusikia chochote zaidi ya maji.

Nilitegemea afurahi. Alishika bomba huku anatazama lile dirisha la chumbani.

"Marehemu alikuwa anaiwasha alfajiri," alisema. "Nikisikia zile kokoto, najua yuko nje. Mpaka jana nilikuwa nikiiwasha mwenyewe, narudi kulala kidogo."

Maji yalikuwa yanamwagikia miguu yake. Nikalichukua bomba mkononi mwake, nikamalizia kumwagilia miche iliyobaki, maana yeye hakuwa anaiona tena.