Kiti Kina Mwenyewe

Mtaani kwetu Kilwa Masoko hakuna aliyeamini kwamba kiti cha mbele cha gari la Optatus kilikuwa kitupu. Kiti kitupu ni kile ambacho mtu akikiomba anapewa. Hiki waliomba wajawazito, wakaomba wazee wenye magoti mabovu, akaomba hata padri, na kila mmoja alifunguliwa mlango wa nyuma.

Optatus ana duka la mbegu na salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, na gari dogo la Kijapani alilolinunua Dar es Salaam likiwa limeshatumika. Zamani kiti kile kilikuwa heshima yake kwa watu. Aliyewazidi wenzake umri ndiye aliyekaa pale, kioo kimeshushwa, akiitikia salamu za barabarani kana kwamba gari ni lake. Kisha siku moja mpwa wake Brighton, anayeishi Dar, akaingiza namba ya chesisi kwenye simu na kukuta gari limo katika yale ambayo kiwanda kiliagiza yarudishwe kurekebishwa. Eabegi ya upande wa abiria, ule mfuko unaofumuka gari likigonga, ilikuwa na kasoro. Joto na unyevu wa miaka mingi huharibu baruti yake. Siku ikifumuka, kopo la chuma lililo ndani hupasuka, na vipande humpiga usoni yule yule ambaye iliwekwa kumwokoa.

Joto na unyevu. Optatus aliyasikia maneno hayo huku akitazama kufuli la duka lake, lililokuwa jipya juzijuzi tu na sasa linamwachia unga mwekundu kiganjani. Pwani hii hula chuma polepole, bila kelele: bawaba, mabati, misumari ya majeneza. Kwa nini ikihurumie hicho kilichofichwa nyuma ya plastiki?

Alimpigia simu wakala wa kiwanda. Akapokea binti mwenye sauti ya upole.

"Taarifa tunayo, mzee. Vipuri bado. Tutakupigia. Kwa sasa usipakie mtu mbele."

Alipopiga tena, vipuri vilikuwa melini. Safari nyingine vilikuwa bandarini. Baadaye akaambiwa havijaagizwa. Hapo akaanza kushuku kwamba vipuri havipo kabisa, na usiku wake akashuku jambo baya zaidi: kwamba vipo, na vinafungwa kwenye magari ya watu wanaoishi karibu na gereji, wanaoweza kwenda kugonga meza.

Fundi Ramadhani, jirani yake, alikuwa na dawa yake.

"Nikuchomolee, mzee. Naziba na gundi, hata wewe hujui palikuwa na kitu."

"Ikikulipukia mikononi?"

"Mimi tena!"

"Na ukishaichomoa utaipeleka wapi?"

"Si nitaitupa."

"Utupe wewe? Plagi zangu zilizokufa uliziuza kwa mwenye bajaji."

Ramadhani alicheka hadi akashika kiuno, lakini hakukana. Optatus akafunga boneti. Kuuza gari pia aliwaza, akaacha. Atakayelinunua naye ana mama yake.

Msidhani alificha. Alimweleza kila aliyeuliza, na hapo ndipo alipojimaliza. Puto linaloua? Watu walitazamana. Mwaka ule salfa yake ilitoka sana, na mtaa ukapata jibu lililokaa vizuri zaidi kichwani: Optatus amefuga jini wa utajiri, na jini hapendi kukaa nyuma. Watoto waliacha kuugusa mlango ule. "Kiti kina mwenyewe," watu walinong'ona gari likipita.

Mkewe, Monika, hakuamini jini wala puto.

"Huyo unayemtunzia kiti," alimuuliza mezani, "ni mnene au mwembamba? Nijue tu. Maana naona umekisogeza nyuma."

"Monika, nimekueleza."

"Umenieleza. Hata marehemu baba alikuwa akimweleza mama."

Akahamia kulala chumba cha binti yao Stefania.

Ndipo ikafika kipaimara cha Stefania, na mama mzazi wa Monika, Mama Marietha, akateremka kutoka Rondo kuja kusherehekea. Ibada ilikuwa Nangurukuru. Monika na binti walitangulia na basi la kwaya, wakamwachia Optatus kazi ya kumleta mkwewe. Kwa watu wa kwao, mkwe hataniani na mama mkwe wala hakai naye ubavu kwa ubavu. Humpa mahali pa juu, na yeye akakaa mbali. Katika gari mahali pa juu panajulikana.

"Shikamoo mama," Optatus alisema, akafungua mlango wa nyuma.

"Marahaba, mkwe wangu." Mama Marietha aliweka ndoo ya pilau kwenye kiti cha nyuma, akazunguka gari, akashika mlango wa mbele. "Nimeyasikia yote. Kama ni jini, rozari ninayo. Kama ni mwanamke, nitamkalia."

"Mama, nakuomba."

"Unaniomba nini? Kwamba mimi ni mzigo, nikae na ndoo?"

Optatus alijua akikataa bila sababu ya kuaminika, jioni ile Monika angefungasha na kupanda naye Rondo. Akampungia mkono Ramadhani aliyekuwa akitazama kutoka ng'ambo ya barabara.

"Njoo uendeshe," akamwambia. Kisha akamgeukia mkwewe, "Mama, keti nyuma. Nitakaa mimi."

Akaketi. Akafunga mkanda, akaegemea nyuma mpaka shingo ikakakamaa. Kwenye kila tuta Optatus aliinua mikono usoni, akaishusha kwa aibu, akaiinua tena. Jasho lilimtoka shingoni na kulowesha kola ya shati alilopigiwa pasi kwa ajili ya kanisa. Mama Marietha alikuwa akiitazama kola ile tangu Masoko. Mwanaume huweza kudanganya kwa mdomo, na kwa macho akiwa hodari. Lakini wa kudanganya kwa kisogo, Mama Marietha alikuwa hajamwona bado.

Karibu na Singino mbuzi alikatiza barabara. Ramadhani alikanyaga breki, na Optatus akatoa sauti ndogo, kama ya mtoto anayeota.

"Simamisha," Mama Marietha alisema.

Gari likasimama kando ya barabara.

"Mkwe, hamia huku nyuma."

"Mama, haifai."

"Najua haifai. Njoo."

Akaivuta ndoo ya pilau, akaiweka katikati kama ukuta. Optatus akapanda nyuma, akakaa amejibana mlangoni, uso dirishani, na ndoo ikawapasha joto wote wawili mapajani mpaka Nangurukuru.

Uwanja wa kanisa wote uliwaona wakishuka nyuma, na kiti cha mbele kiko wazi kando ya dereva. Monika alisogea, macho yakitoka kwa mume kwenda kwa mama. Mwanamke mmoja wa kwaya akamwahi Mama Marietha, akanong'ona lakini kwa nguvu:

"Mama, hata wewe umenyimwa kile kiti?"

Mama Marietha alimkabidhi Monika ndoo, akanyoosha kitenge chake.

"Kiti kina mwenyewe," alisema. "Asikikalie mtu."

Akamshika bintiye mkono, wakaingia kanisani. Optatus alibaki nje kidogo, akatoa simu mfukoni, akaitazama. Kuhusu vipuri, hakuna aliyekuwa amepiga.