Nilipima Asubuhi, Mvua Ikaja Alasiri

Nakumbuka alasiri moja ya mvua karibu na Ekerenyo, kule Nyamira, mwanangu, na huikumbuka kila nikimwona kijana ameshika karatasi yenye michoro mizuri kama hiyo yako. Nimeisoma. Umelinganisha itifaki mbili za kusafirisha faili, ukapata mshindi. Kabla hujampa kikombe chake, niazime sikio.

Nilikuwa fundi wa kompyuta, kijana mwenye kichwa kikubwa kuliko kofia. Zahanati moja ndogo ilikuwa na mashine ya eksirei lakini haikuwa na daktari wa mifupa, kwa hiyo picha zilitumwa kwa mtandao hadi kwa daktari mjini Kisii. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua itifaki. Ya kwanza ilibeba picha nzima kwa mbio, ila ikikatika njiani huanza upya. Ya pili iliikata vipande, ikangoja kuambiwa kila kipande kimefika, na ikikatika huendelea pale ilipoachia. Nikazipima siku tano mfululizo. Ya kwanza ilishinda kila mara, tena kwa mbali.

Sasa sikia kosa langu. Nilipima asubuhi. Unatujua sisi watu wa huku: kufua, kuanika mahindi, kukandika ukuta, yote ni asubuhi, maana baada ya chakula cha mchana mvua inakuja tu. Nimelelewa hivyo, wala sikufikiri mara mbili. Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi. Nadhani hawakuwahi kulala Nyamira.

Basi alasiri ile ya mvua akaletwa Moraa, mchuma chai wa rika langu, aliyeteleza na kikapu mgongoni akipeleka majani kupimwa. Nyonga yake ilikuwa imekaa vibaya. Tabibu wetu hakuthubutu kuigusa. Kama imeteguka tu, ilifaa irudishwe upesi. Kama mfupa umevunjika pia, angemuumiza zaidi. Daktari wa Kisii ndiye angeamua, naye alikuwa na saa moja tu kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

Nikatuma. Mvua ikapiga mabati, mtandao ukawa unakuja na kupotea. Picha ikapita nusu, ikakatika, ikaanza upya. Mara ya pili ilikaribia kabisa kufika, ikakatika. Nikatuma vile vile mara ya tatu, na ya nne, kwa kuwa karatasi yangu ilisema hiyo ndiyo yenye kasi. Moraa alikuwa akilia chumba cha pili. Niliogopa, mwanangu, na niliona aibu.

Mamake Moraa, mama mzee aliyevaa gambuti za mpira zenye matope, alisimama nyuma yangu akitazama mstari wa kijani kwenye skrini, ule unaoonyesha picha imefika wapi, ukijaa na kurudi mwanzo. Akaniuliza ni nini hicho. Nikamweleza kwa mkato, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa.

"Omwana one," akaniambia, kwa upole wa mtu anayemwita mtoto wake, "sisi mvua ikitushika njiani na majani, haturudi shamba kuchuma ingine. Tunajikinga, ikipungua tunaendelea kutoka hapo tulifika. Hii yako nani aliifundisha kurudi shamba?"

Nikabadilisha itifaki. Ile ya polepole ikajikongoja, ikasimama, ikaendelea, na picha ikafika nzima. Lakini daktari alikuwa ameshaingia kupasua mgonjwa mwingine, akatoka jioni. Akatazama, akasema nyonga imeteguka tu, na kwamba ingefaa iwe imerudishwa mapema. Tabibu akairudisha usiku huo, ikiwa imechelewa.

Tangu hapo nilishikwa na udadisi ambao haujaniacha. Nikawa nangoja mvua kama wenzangu wanavyongoja jua. Nilipima ikinyunya, ikimwagika, umeme ukizimika na kurudi. Mtandao ukitulia, ya kwanza hushinda; ukikatikakatika, ya pili. Lakini kwenye manyunyu zilikuwa zikipokezana ushindi, leo hii, kesho ile, na hadi sasa sijaelewa vizuri kwa nini. Labda wewe utaniambia.

Kwa hiyo usiniulize itifaki ipi ni bora. Niulize bora wapi, saa ngapi, na nani anangoja. Rudi ukapime saa tisa mvua ikinyesha, pale pale kazi itakapofanyiwa. Na jambo likikushinda mara mbili kwa njia ile ile, weka kiburi chini umuulize hata asiyejua kompyuta. Kuuliza si ujinga.

Moraa anachechemea hadi leo. Tukikutana sokoni hunisalimu kwa mikono miwili, na hajawahi kunilaumu, ila huniuliza akicheka kama bado napima asubuhi. Nami hucheka naye, kisha napunguza mwendo ili tulingane hatua.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie kuyaona mawingu mapema, na anayekungoja upande wa pili asingoje bure.