Mbwa Weupe wa Kamene

Mbwa wa Kamene ni weupe kwa sababu ya mshale. Kamene alipokuwa msichana, baba yake alifuga mbwa wa rangi ya majani makavu, hodari wa kuwafukuza nyani walioshuka kutoka msituni kuvamia mahindi. Asubuhi moja jirani aliona kitu cha rangi hiyo kikipita kati ya mabua, akavuta upinde. Hakuwa nyani. Baba hakugombana na jirani, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamehama Ukambani kuja kuchukua mashamba ya Shimba Hills, na mgeni haanzishi uhasama na mgeni mwenzake. Alisema tu kwamba hatafuga tena mbwa ambaye jicho la mtu linaweza kumdhania nyani ndani ya shamba. Akatafuta mbwa jike mweupe.

Kamene alirithi shamba hilo la Majimboni, akarithi na wazo hilo. Kwa zaidi ya miaka ishirini alichagua mweupe kuliko wote akampandisha kwa mweupe kuliko wote, na madoa yakazidi kupungua, hata ikafika wakati ukichungulia bandani kwake jike akiwa amezaa unadhani mtu amemwaga pamba. Wakulima wa Lukore na Kidongo waliwataka kwa mashamba yao. Wafugaji wa Ndavaya waliwataka kwa mazizi. Waliokuwa wakitunza majumba ya Diani waliwataka kwa sababu mwizi huwaona kabla hajaruka ukuta. Ukisema mbwa wako ni wa Kamene, umemaliza kumsifu.

Aliwatunza vizuri. Aliwapikia sima na dagaa, aliwapa dawa ya minyoo, chanjo hakuikosa, na kupe aliwang'oa kwa mkono mmoja mmoja. Lakini alipouza, aliuza kama baba yake alivyouza mbuzi mnadani: mnunuzi anakuja na kamba yake, muuzaji anafungua ya kwake, na hapo mnyama amehama pamoja na bahati yake, iwe njema iwe mbaya. "Kamba yangu nimeitoa," Kamene alikuwa akisema, kisha akarudi kupalilia. Ni maneno mazuri hayo. Yana heshima ya mila, yamenyooka, na wauzaji wengi wamelala usingizi mtamu juu yake huku mnunuzi akibeba peke yake mzigo ambao si yeye aliyeufunga.

Siku moja ya mwezi wa tano, bodaboda ilisimama penye lango akashuka Dama, mwanamke wa Ndavaya aliyewahi kununua mtoto wa mbwa kwake, akiwa amekumbatia gunia. Kichwa cheupe kilikuwa kimetokeza mdomoni mwa gunia, kikitazama migomba kwa mshangao.

"Shikamoo, Mama Muange."

"Marahaba, Mama Kitsao. Habari za safari, na za huko?"

Za huko zilikuwa njema, wazima wote, mvua walau imegusa ardhi. Dama aliketi, akanywa maji, akauliza habari za watoto na za mahindi, na ni baada ya hayo yote tu alipofungua gunia. Mbwa akatoka, akajikung'uta, akamnusa Kamene miguu. Alikuwa dume wa miezi mitano hivi, mwenye afya. Dama alikuwa amemwita Tosha.

Akaeleza. Fisi walikuwa wameingia zizini mara mbili na kila mara wametoka na mbuzi. Mara zote mbili Tosha alikuwa amelala hatua chache tu kutoka mlangoni. Mbuzi walilia hadi majirani wakaamka, yeye hakuamka. Mchana akiitwa haji, akikatazwa haachi. Shemeji yake Dama alikuwa ametoa hukumu kwamba mbwa huyo amefungwa: Kamene huwafunga akili watoto wa mbwa kabla ya kuwauza, ili wanunuzi warudi kwake. Alikuwa ameshanoa panga, na Dama alikuwa ameondoka na mbwa kabla shemeji hajarudi kutoka kisimani.

"Sikuja kukudai," alisema. "Nimemlea kwa maziwa ya mbuzi. Nataka uniambie kama ana dawa au hana. Akiwa hana, nitamwacha shemeji afanye analotaka, maana mbuzi waliobaki ndio maisha yangu."

Neno lile la kufunga akili lilimwingia Kamene kama mwiba. Yeye na uchawi wapi na wapi? Alimjibu Dama kwa upole wenye meno kwamba mbwa huyu alitoka hapa mzima, mwepesi kuliko ndugu zake wote, na kwamba kamba yake aliitoa mbele ya Dama mwenyewe. Labda tatizo ni malezi. Labda maziwa ya mbuzi yamemfanya mwana wa kifalme.

Kisha akamtoa Dama barazani ili amwonyeshe. Akagonga sufuria. Mbwa wakubwa wakatoka mbio kila pembe ya boma, na Tosha katikati yao, mkia juu. Akapiga mluzi kuelekea shambani. Kundi lote likageuka kama maji, na Tosha akageuka nalo. Bodaboda ilipopita njiani wakaifokea wote, na yeye akabweka kwa sauti nene ambayo Dama hakuwahi kuisikia.

"Umeona?" Kamene akasema. "Kwangu akili anayo. Labda ameisahau hapa siku ile."

Dama alitazama chini, akaomba ruhusa aende kumsalimia binamu yake aliyeolewa ng'ambo ya kijito, akamwacha mbwa.

Saa sita Nzioka, mumewe Kamene, alirudi kutoka shambani kula, na mbwa wakubwa, waliokuwa wamemfuata huko baada ya onyesho la asubuhi, aliwaacha hukohuko. Tosha peke yake ndiye aliyebaki uani, amejinyoosha kivulini. Kamene alikuwa akiteremsha sufuria kutoka kwenye rafu iliyokuwa imejaa hadi juu, na zikamponyoka. Zilianguka zote, na vifuniko vyake, juu ya sakafu ya saruji. Kuku wakaruka. Nzioka akajimwagia chai mapajani akalaani kwa Kikamba.

Tosha hakutikisa hata sikio.

Kamene alisimama akimtazama. Alichukua kifuniko kimoja akaenda nyuma ya mbwa taratibu, akakigonga kwa mwiko. Hakuna kitu. Akaligusa bega lake kwa kidole, na mbwa akaruka wima, akatazama huku na huku, kisha akamwona na kufurahi.

Ndipo alipouelewa mchezo wote. Mtoto wa mbwa asiyesikia, akiwa na ndugu zake, hana haja ya kusikia. Wakiamka anaguswa, wakikimbia anawaona, wakibweka na yeye anabweka. Hapa Majimboni, kwa ndugu zake sita, Tosha alikuwa na masikio kumi na mawili ya kuazima. Ndavaya hakuwa na hata moja.

Na wengine je? Walianza kumjia mmoja mmoja, bila kuitwa. Mzee Chande wa Msambweni, ambaye mbwa wake aligongwa na lori lililokuwa likirudi kinyumenyume, polepole, likipiga honi. Katana wa Kibuyuni, aliyelalamika kwamba mbwa wake ni mkaidi kama punda. Wote walikuwa wamempigia simu. Wote aliwajibu kwa maneno yale ya kamba.

Bandani kulikuwa na watoto saba, weupe kama maziwa, wote wameahidiwa watu. Jumamosi Elijah, mtunza nyumba wa Diani, angekuja kuchukua wawili.

Nzioka alikuwa ameona yote. Si mtu mbaya, na alizungumza kwa sauti ya chini ya mtu anayemtakia mkewe mema. Alisema Ndavaya kuna joto, kuna kupe, mbwa anaweza kuugua masikio huko na hakuna wa kubisha. Dama hajui lolote. Jirani hajaona.

"Ukilisema hili, Kamene, si mbwa mmoja unayemtia dosari. Ni jina la baba yako."

"Jina la baba yangu limemlaza yule mama na mbuzi wake mbele ya fisi," Kamene akasema. "Halafu nikamwambia hajui kulea."

Dama aliporudi alimkuta Kamene amekaa chini karibu na mbwa. Hakumzungusha. Alimwambia mbwa huyu ni kiziwi, alizaliwa kiziwi, alitoka mikononi mwake kiziwi, naye hakujua, ingawa ilikuwa kazi yake kujua. Alimwambia kwamba Dama hakukosea kitu chochote.

Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Dama akafunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, na Kamene hakujua kama analia au anacheka, na pengine Dama mwenyewe hakujua.

"Nimempiga bure," alisema mwishowe. "Kila asubuhi nilimwita, haji, nampiga. Kumbe hakuwa na ubaya. Kumbe hakuna aliyetufunga."

Harrison, daktari wa mifugo wa eneo lile, aliyepigiwa simu na Kamene, alifika alasiri kwa pikipiki yake. Alimchunguza Tosha, akauliza kuhusu wazazi, kisha akatazama dume la Kamene, jeupe hadi kope, na jike lake, jeupe hadi kope, akapumua kwa nguvu. Aliwaeleza kwamba rangi si ya manyoya tu. Ndani kabisa ya sikio kuna chembechembe za rangi zinazolisaidia sikio kuishi, na ukiwapandisha weupe kwa weupe, miaka nenda miaka rudi, baadhi ya watoto huzaliwa bila chembe hizo, na sikio likafa wakiwa bado wachanga. Si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, na dawa hakuna. Unaweza tu kuacha kulitengeneza tatizo hilo.

"Wote saba wanaweza kuwa hivi?" Kamene akauliza.

Harrison alisema hajui. Wapimwe.

Waliwapima katika ghala la mahindi, lililokuwa tupu majira hayo. Mtoto mmoja mmoja aliwekwa ndani peke yake na kijiti cha kutafuna. Harrison aliketi pembeni kimya kuangalia masikio. Nje, nyuma ya ukuta wa udongo, mahali ambapo mbwa hawezi kumwona wala kumnusa, Kamene alitikisa bati lenye kokoto. Kukanyaga kwa kishindo kulikatazwa, maana kiziwi husikia ardhi kwa nyayo. Dama ndiye aliyekuwa akiwabeba kuwaingiza na kuwatoa.

Kamene nje hakuona kitu. Alitikisa, akangoja sauti ya Harrison. Aliwaza watoto wote saba. Aliwaza miaka yote ile ya kuchagua kwa makini, makini ambayo ndiyo iliyowadhuru. Alitikisa tena.

"Anasikia," Harrison akasema kutoka ndani.

Wa pili anasikia. Wa tatu Harrison alinyamaza, akaomba litikiswe tena, na tena, akanyamaza. Wa nne alitupa kijiti akaenda kubweka ukutani, na Dama akacheka kwa sauti. Walipomaliza, watano walikuwa wanasikia na wawili hapana. Kamene aliliweka bati chini, naye akaketi papo hapo kwenye mavumbi, miguu imenyooka mbele kama mtoto, akasema alhamdulillahi, yeye Mkristo wa kanisa la pale juu, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa karibu. Nzioka, aliyekuwa akijifanya anatengeneza jembe, alikuja akamshika mkono kumwinua.

Dama alipewa achague, akachagua yule aliyebweka ukutani. Kamene akafungua mikono kumpokea Tosha. Dama akamvuta mbwa nyuma ya khanga yake.

"Huyu simwachi. Nimrudishe kama gunia la mahindi yaliyooza? Ataenda na mdogo wake. Yule akisikia, huyu ataona."

Jioni ile na kesho yake Kamene alikuwa na simu sikioni. Alimpigia kila mnunuzi aliyekuwa na namba yake. Wengine mbwa wao walikuwa wazima, wakamshangaa. Mmoja alimtukana, na Kamene akamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mtu uliyempa hasara ana haki ya kumaliza sentensi. Katana wa Kibuyuni alicheka sana: alikuwa amelijua zamani, humwita mbwa wake kwa kupunga mkono na wanaelewana kuliko yeye na mkewe. Mzee Chande alimwomba arudie polepole.

"Kwa hiyo hakuwa mkaidi," alisema. "Ahsante, mwanangu. Nilimsema vibaya hata baada ya kufa."

Jumamosi Elijah alikuja na kamba mbili mpya. Kamene alimzuia. Akamweleza habari yote, akampeleka ghalani, akampa bati alitikise mwenyewe. Alimwambia pia kwamba mbwa akipata shida yoyote aliyozaliwa nayo, amrudishe hata baada ya mwaka, lango liko wazi. Elijah, kijana wa Ukunda mwenye haraka, alikuna kichwa.

"Lakini mama, ungenyamaza tu, nisingejua."

"Ndiyo sababu nakwambia," Kamene akasema.

Akachukua wawili, na wiki iliyofuata akamletea wateja wengine wawili, ambao jambo la kwanza waliloulizia lilikuwa lile bati. Wale watoto viziwi walibaki bomani, katika kundi, ambako hakuna kinachowapungukia. Dume jeupe lilihasiwa na Harrison, na jike likapandishwa kwa mbwa wa jirani, mwenye mabaka ya kahawia mgongoni. Harrison alionya kwamba viziwi wanaweza kuzaliwa bado, ila wachache, na kila mtoto apimwe. Kamene anawapima wote. Shambani sasa huwavisha mbwa wenye mabaka vitambaa vyekundu shingoni, na hakuna aliyewadhania nyani.

Mvua za vuli zilipoanza, simu yake iliita alfajiri. Alikuwa Dama, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala vizuri.

"Mama Muange, nina malalamiko. Mbwa wako huyu mdogo hanyamazi. Anabwekea fisi, sawa. Anabwekea bodaboda, anabwekea mwezi, anabwekea kwaya. Shemeji yangu amehamishia kitanda chake upande wa pili wa boma. Na akianza tu, Tosha naye anainuka kumsaidia, hata hajui wanambwekea nani."

"Na mbuzi?" Kamene akauliza.

"Mbuzi wote wapo. Lakini usingizi, mama, hatuna."

Nyuma ya sauti yake palikuwa na kelele kubwa, moja nyembamba na moja nene. Kamene aliiweka simu juu ya meza ili Nzioka naye asikie, akaendelea kuwasha moto, na hakumwomba Dama awanyamazishe.