Mbaazi za Susu na Slasha ya Ndugu Yangu

Susu, nyanya yangu, aliniachia kitu kimoja tu alipokufa: mstari wa mbaazi nyuma ya jikoni yetu huku Kilungu. Mbegu yake huipati sokoni. Punje ni kubwa, zina madoa, na mti wake unakaa miaka mradi ujue kuukata. Susu alinifundisha: ukishavuna, kata juu ya goti, acha matawi ya chini. Mvua ikirudi unachipuka kama haujaguswa.

Ndugu yangu mkubwa akaja likizo kutoka chuo, nywele amesokota, maringo nayo gunia zima. Mama akampa slasha, lile panga refu la kufyekea, akamwambia afyeke nyasi, kina mama wa maombi wangekuja Jumamosi. Nilipotoka shule nikakuta mbaazi zangu zimelala chini, maua bado ya manjano. Alikuwa amezikata karibu na udongo.

"Si hizi huwa zinakatwa?" akaniuliza akitafuna muwa. "Zitaota tu, kijana. Wacha drama."

Mafundisho ya susu alikuwa ameshika nusu, ile nusu ya kukata. Niliangalia zile nywele nikafikiria makasi, lakini mama angenimaliza. Nikangoja Jumamosi.

Siku hiyo kiongozi wa maombi akauliza nani ana ombi. Nikasimama na uso wa mfiwa. Nikasema ndugu yangu amerudi kutoka chuo na roho ya kukata. Anakata vya watu, hata vya marehemu, na akiulizwa anatafuna muwa. Sikudanganya hata neno moja.

Wakamwita katikati. Akapiga magoti na suruali yake nyeupe kwenye vumbi. Mikono yote ikashuka juu ya kile kichwa, na mama mmoja mwenye nguvu akakitikisa mpaka nywele zikafumuka. Waliomba hadi chai ikapoa. Mimi ndiye niliyesema amina kwa sauti kuliko wote.

Alipoinuka aliniambia kitu kwa Kikamba ambacho siwezi kuandika.

Raha yangu haikukaa. Mvua ilikuja, na kila asubuhi nilichungulia visiki. Ukikwaruza gome, ndani ni kahawia, kumekufa. Kimoja tu, kile cha karibu na ukuta ambapo slasha haikufika vizuri, kilikuwa kimebaki na kitawi cha pembeni. Kikatoa majani. Nikakizungushia miiba, na si kwa sababu ya mbuzi.

Kilizaa maganda machache. Mama akataka kuyatia kwenye muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kwa vile mtoto wake wa chuo alikuwa amekuja tena. Nikakataa, nikasema hiyo ni mbegu.

"Nionjeshe hata ganda moja," ndugu yangu akasema, mkono ameunyoosha.

"Wewe kula nyasi. Si ndiyo ulitumwa kukata?"

Mbegu nilizikausha zote nikazipanda mahali pengine. Ni wapi, siandiki. Huyo jamaa anajua kusoma.