Makofi Niliyoyaanza Juu ya Kilwa Masoko

Zipo aibu ambazo mtu huzisahau baada ya miaka miwili mitatu, na zipo zinazorudi kila anaponawa mikono. Hii yangu ni ya mikono hasa, kwa hiyo haijaniacha, na leo naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kwa wengine (Zuhura akiwa wa kwanza), maana kila anayeisimulia huongeza mbuzi wake wawili watatu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, masika, Rufiji imefurika, pantoni imefungwa kamba kando ya mto na mabasi ya kusini yamelala Dar es Salaam wiki ya tatu. Mimi kijana wa Rutamba, mwalimu wa shule ya msingi huko Dar, na kila saa ninayoiiba kwa wanafunzi naandika riwaya. Nilikuwa nataka kumwoa Zuhura, binti wa Kilwa Kivinje, tuliyefundisha naye shule moja. Baba yake alikuwa ameshafariki, na kwao neno la mwisho lilikuwa la mjomba wake, Katibu wa chama, mtu mzima wa suti ya kijani yenye mifuko minne na kofia ya mkono iliyonyooka kama imepigwa pasi kichwani. Mjomba alikuwa amekuja Dar mkutanoni, na jibu alilolipeleka nyumbani kuhusu posa yangu lilikuwa fupi: "Huyo mtunga hadithi apande ndege moja na mimi. Nitamtazama njiani. Tukishuka nitasema neno."

Zuhura, aliyekuwa tayari kwao kwa likizo, aliniandikia barua ya mistari mitatu. Kaa kimya. Mjomba anapenda mtu mtulivu. Maswali yako yaache Dar.

Sasa huo wa mwisho ndio ulikuwa mtihani, kwa sababu nilikuwa na swali moja lililokuwa linanila. Mwenzetu mmoja wa kundi la waandishi, aliyewahi kusoma ng'ambo, alitusimulia kwamba huko ndege ikigusa ardhi abiria wote hupiga makofi. Mimi, bila kuwahi kuikanyaga ndege, nikayaingiza makofi hayo kwenye sura ya nne ya riwaya yangu, ukurasa mzima, na nilipowasomea wenzangu mmoja akaniuliza, "Wanampigia nani?" Rubani? Mungu? Ardhi yenyewe, kwa kuwa bado ipo pale walipoiacha? Au labda ni mikono tu, iliyoshika viti kwa hofu njia nzima, inafurahi kuachiwa? Toka siku hiyo swali lile nilitembea nalo kama jiwe kwenye kiatu.

Ndege yetu ilikuwa ndogo, ya injini mbili, abiria kumi na mmoja. Nilimwamkia mjomba mlangoni, "Shikamoo mjomba," akaitikia, "Marahaba," akanitazama viatu, akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa. Mimi nikakaa safu ya tatu karibu na Bi Mwajuma, bibi wa Songo Mnara aliyekuwa anarudi kwao baada ya kutibiwa jicho, kitambaa cheupe kimefunika jicho la kulia na mapajani kikapu cha ukili chenye halua aliyonunuliwa na mwanawe. Kikapu hakikuwa na kifuniko.

Nilikaa kimya. Wallahi nilikaa kimya mpaka tukaipita midomo ya Rufiji, maji ya matope yakiingia baharini kama chai ya maziwa inayomwagika kwenye shuka la bluu, na hapo nikamwona mjomba kichwa kimeegemea dirisha, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, amelala fofofo. Nikasema moyoni, aliyelala hawezi kunitazama.

"Bibi," nikanong'ona, "ndege ikitua, watu hupiga makofi?"

"Makofi ya nini, mjukuu wangu?"

"Nasikia ng'ambo wanapiga. Wanamshukuru rubani."

"Dereva?" Akanigeuzia jicho lake zima. "Mwaka jana basi lilituvusha tope la Nangurukuru limefika madirishani. Hakuna aliyempigia dereva makofi. Walimtukana."

"Basi labda wanamshukuru Mungu."

"Mungu hashukuriwi kwa makofi. Wewe umekaa chuo cha Kurani kweli, au ulikuwa unapita tu nje?"

Kimya changu kilikuwa kimeshavunjika, basi nikamweleza yote, kuhusu riwaya, na sura ya nne, na kwamba kama makofi yangepigwa leo ningejua ni ya nani, na mimi naamini ni ya rubani. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, jaribu uone," kwa sauti ile bibi anayompa mtoto anayetaka kuonja pilipili. Hapo ndipo nikaamua. Nitaanza mimi. Makofi matatu, madogo, kisha ninyamaze nione yatakwenda wapi.

(Lazima niwakumbushe, kwa wale mliokuwa wadogo, kwamba makofi ya enzi zile hayakuwa mchezo. Mtu akianza, umefuata, hujui ni ya nini lakini umefuata, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana amekunja mikono wakati wenzake wanashangilia. Nilishaona mkutanoni Nyangamara kijiji kizima kikimpigia makofi fundi aliyepanda jukwaani kurekebisha kipaza sauti, na fundi naye akainama kuitikia. Haya niliyajua. Niliyajua vizuri sana, na bado.)

Ndege ikaanza kushuka. Nikaona mikoko, nikaona kisiwa na magofu yake ya rangi ya mfupa, nikaona mapaa ya makuti ya Masoko yakikua haraka, halafu uwanja, ukanda mrefu wa nyasi na kokoto, na nyasi zote zikalala upande mmoja kama zinatuamkia. Ardhi ilikuwa karibu kiasi cha kuhesabu mawe. Kitu kikagonga chini yetu, du! Nikajua ndiyo, ni magurudumu.

Nikapiga. Pa, pa, pa.

Nyuma yangu mtu akafuata. Kisha mwingine. Kisha ndege nzima, na Bi Mwajuma naye akaachia kikapu akapiga, viganja vyake vikavu vikilia kuliko vyetu sote, na kwa muda wa pumzi moja nilijaa furaha nisiyoweza kuieleza, kwa sababu nilichokiandika bila kukiona kilikuwa kinatokea, na kilikuwa kizuri kuliko nilivyokiandika.

Makofi yale yakamwamsha mjomba.

Jamani, mfikirieni mtu huyo. Miaka kumi kila anapopigiwa makofi husimama. Mwili wake ulishazoea, hauulizi. Alikuwa amelegeza mkanda kwa ajili ya tumbo, hivyo hakuna kilichomzuia. Alisimama kabla macho hayajafunguka vizuri, akageuka kutuelekea, akaiweka sawa kofia, akanyoosha mkono wa kutuliza umati, akasema kwa sauti nzito ya uwanjani:

"Ndugu wananchi..."

Na hapo injini zikanguruma, ndege ikainua pua, ikapanda.

Nisichokijua mimi, na walichokijua wote waliowahi kusafiri njia ile, ni kwamba Kilwa Masoko rubani hatui mara ya kwanza. Mara ya kwanza hupita chinichini kuwafukuza mbuzi waliojaa uwanjani, kisha huzunguka na kurudi kutua. Ile "du" ilikuwa upepo tu. (Baadaye nilimuuliza abiria aliyekaa nyuma yangu kwa nini alipiga ilhali alijua hatujatua. Akajibu, "Nilidhani wewe umetumwa.")

Mjomba hakuanguka, alikuja. Alikuja na mkono wake bado umenyooshwa, akaipita safu ya kwanza, akaipita ya pili, akatua kwetu, kifua mapajani mwa Bi Mwajuma na mikono yote miwili ndani ya kikapu, mpaka viwikoni.

"Halua yangu!" akalia bibi. Kisha, alipopapasa suti na kujua ni mwanamume, "Toka, baba! Toka mapajani, mimi ni mjane!"

Tukazunguka juu ya bahari mjomba akiwa pale pale, kwa sababu kila alipojaribu kuinuka ndege ililala upande. Sikuthubutu kumshika. Nilitazama mbuzi nje ya dirisha wakikimbilia mikorosho, nikatamani niwe mmoja wao. Tulipotua kweli hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa ya bibi akivuta vipande vya halua kutoka kwenye mifuko ya Katibu, kimoja kimoja, na kuvirudisha kikapuni.

Chini walikuwa wanangoja watu kama ishirini, na Zuhura mbele yao amevaa khanga mpya. Alinitazama mimi, akamtazama mjomba, mikono imeng'aa kwa mafuta na nzi wa kwanza wameshafika. Tabasamu lake likabaki pale pale usoni, halina pa kwenda.

Mjomba akasimama mbele yangu. Hakupandisha sauti.

"Kijana. Wewe ndiye uliyeanza yale makofi."

"Ndiyo, mjomba."

"Yalikuwa ya nani?"

Wenzangu, swali lile lile! Nililolibeba miezi mizima, sasa linatoka kinywani mwa mtu aliyeshika maisha yangu, na watu ishirini wanasikiliza. Nikisema kweli, nimemwambia Katibu mbele ya watu wake kwamba alisimama kupokea makofi yasiyo yake. Nikisema uongo, labda naoa. Nikamtazama Zuhura. Nikachagua kuoa.

"Yalikuwa yako, mjomba," nikasema. "Tulifurahi kusafiri na wewe."

Akaanza kulegea usoni, kweli nilimwona, na ndipo nyuma yangu ikaja sauti ya Bi Mwajuma akishushwa ngazi na kikapu chake: "Yako wapi! Mwenyewe kaniambia njiani ni ya dereva. Eti anataka kuyatia kitabuni."

Mjomba akanishika kiwiko kwa mkono wenye halua, akanipeleka mpaka kwa rubani aliyekuwa amechuchumaa anakagua gurudumu. "Muulize," akaniamuru.

"Samahani," nikasema, "yale makofi uliyasikia?"

"Makofi gani?" Rubani hakuinua kichwa. "Mle mbele ninaziba masikio, ndugu yangu. Hata mngeimba maulidi yote nisingesikia. Sogea kidogo, umeniziba mwanga."

Basi. Hayakuwa ya mjomba, na rubani hakuyapata. Yalibaki juu ya Kilwa hayana mwenyewe, na mimi nimesimama chini yake kwenye kokoto nikiwa sijui chochote zaidi ya nilivyoondoka Dar.

Mjomba akamtazama rubani, akanitazama mimi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilipojua anacheka nilikuwa nimeshaanza kuomba radhi kwa mara ya nne.

"Zuhura!" akaita. "Njoo. Huyu hawezi kudanganya. Kajaribu mara moja tu, kaumbuka kabla sijafunga mdomo. Mtu wa namna hii hatakusumbua. Posa nimeipokea." Kisha akanigeukia, na kicheko kikaisha. "Ila nina sharti. Lile neno langu la 'Ndugu wananchi' lisionekane ndani ya kitabu chako chochote. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Zuhura alingoja mpaka tulipokuwa wawili ndipo akaniambia, "Nilikwambia maswali uyaache Dar."

Sharti nimelitimiza. Riwaya ilitoka bila sura ya nne, na mjomba aliisoma yote akitafuta. Haya ninayowaambia si kitabu, ni mazungumzo tu, na hata hivyo mkikutana naye msiseme mmesikia kwangu.

Nimepanda ndege mara kadhaa tangu siku ile, na bado sijui makofi yale huwa ya nani. Lakini sianzi tena, hata ndege ikitua kwa kupasua wingu la radi. Wakianza wengine, nakalia viganja vyangu, nanyoosha shingo, natazama viti vya mbele kama kuna mtu mzima anayetaka kusimama.